Elimu ya Rangi Imo Mkononi: Historia Fupi ya Kuchanganya Rangi

Husemwa kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya watu wa pwani haihusu vyombo vya baharini peke yake. Yahusu kila kazi ambayo mtazamaji huiona imekwisha, asijue ilivyoanza. Picha iliyotundikwa ukutani nayo ni chombo kielea. Mtu huitazama, akasifu buluu ya mbingu na kijani cha mgomba. Lakini ni wachache waulizao kijani kile kilitoka wapi, ikiwa fundi alikuwa na makopo manne tu, wala hapakuwa na kopo hata moja lenye kijani ndani yake.

Swali hilo, dogo kama linavyoonekana, ndilo mlango wa makala haya. Kwetu kumekuwa na desturi ya kuugawa ujuzi mafungu mawili. Ule wa wasomi huitwa elimu. Ule wa mafundi huitwa kipaji, kana kwamba fundi hakujifunza kitu bali alizaliwa nao. Kwa habari ya rangi, mgawo huo si wa haki wala si wa kweli. Historia yatuonyesha kwamba nadharia ya rangi, hata ile iandikwayo katika vitabu vikubwa, ilitanguliwa na mikono iliyokwisha kuchafuka kwa kuchanganya. Tukiufahamu ukweli huo tutajua namna ya kuwafundisha watoto wetu, na tutajua pia heshima wanayostahili mafundi wetu.

Rangi katika lugha na kazi za wazee

Na tuanze na lugha, kwani lugha ni ghala ya mambo ambayo watu wameyashika kwa mikono yao. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vilivyo vya asili, navyo ni vile vichukuavyo viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Twasema kitambaa cheupe, mawe meusi, udongo mwekundu. Rangi nyingine zote zimepewa majina ya vitu. Manjano ni bizari; kijani ni jani; kijivu ni jivu; kahawia imetokana na kahawa, zambarau na tunda lake, na samawati na mbingu kwa lugha ya Kiarabu. Hata rangi nyekundu iliyokoza na kukaribia weusi tumeiita damu ya mzee, jina ambalo mshairi yeyote angejivunia kulitunga.

Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Brent Berlin na Paul Kay, walitoa kitabu kilicholinganisha majina ya rangi katika lugha nyingi za dunia. Walieleza kwamba lugha iliyo na majina matatu tu ya msingi huwa na haya haya: jeupe, jeusi na jekundu. Wako waliofikiri kwamba lugha ya namna hiyo ni maskini wa rangi. Sisi hatuna haja ya kukubali. Mtu asemaye "rangi ya jivu" amefanya jambo ambalo kila mchoraji hulifanya asubuhi hadi jioni: amekitazama kitu kimoja, akakikumbuka kingine, akavilinganisha. Kulinganisha ndiko somo la kwanza la rangi.

Ushahidi wa kazi ni wa kale kuliko wa maneno. Katika majabali ya Kondoa, kaskazini ya Dodoma, kuna michoro ya watu na wanyama ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951, na ambayo mwaka 2006 iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mingi ya michoro hiyo ni ya rangi nyekundu itokanayo na udongo wenye chuma. Iliyofuata baadaye ni ya rangi nyeupe, nayo ilipakwa kwa mistari minene. Udongo haushiki juu ya jiwe kwa kurushwa tu. Sharti uchaguliwe, usagwe, utiwe majimaji, ujaribiwe. Ukiwa mwepesi hutiririka, ukiwa mzito hubanduka. Aliyechora pale alikuwa amekwisha kuhitimu katika kuchanganya.

Hali kadhalika wapo watu wa pwani na mikeka yao. Ukindu huchemshwa pamoja na rangi mpaka ukolee, na msusi hujua ni muda gani auache chunguni ili nyekundu yake isiwe nyepesi wala isiungue. Zamani nyekundu ilipatikana kwa mbegu za mzingefuri, manjano kwa bizari, nyeusi kwa mizizi ya mdaa, na buluu nzito kwa nili. Hakuna aliyeandika kitabu juu ya mambo hayo, lakini mama alimfundisha binti, na binti alijua.

Jinsi Ulaya ilivyojifunza

Huenda msomaji akafikiri kwamba mambo ya Ulaya yalikuwa kinyume, yaani kitabu kilitangulia na mkono ukafuata. Tukichungua, tutaona sivyo.

Ni kweli kwamba Isaac Newton, Mwingereza, katika miaka ya 1660 aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembetatu, ukatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Na mwaka 1704, katika kitabu chake kiitwacho Opticks, alizipanga rangi saba katika duara. Alithibitisha kwamba mwanga mweupe ni mkusanyiko wa rangi. Lakini mchoraji aliyekusanya rangi zake zote kwenye kibao hakupata nyeupe, alipata tope. Je, ni nani aliyekosea, mwanachuoni au mchoraji?

Jibu lilianza kutolewa na mtu wa kiwanda. Jakob Christoph Le Blon, mzaliwa wa Frankfurt, alikuwa mchapaji wa picha. Alitafuta njia ya kuchapa picha za rangi nyingi kwa gharama ndogo, akagundua kwamba mabamba matatu yanatosha, moja la nyekundu, moja la manjano na moja la buluu, yakichapwa moja juu ya jingine. Mnamo mwaka 1725 alitoa mjini London kijitabu kiitwacho Coloritto, akaeleza mle kwamba rangi za kupaka zikichanganywa zote huelekea weusi, na rangi za mwanga zikichanganywa huelekea weupe. Le Blon aliyaona hayo kwa sababu wino ulikuwa vidoleni mwake.

Sababu yenyewe ilifafanuliwa na Hermann von Helmholtz, Mjerumani, mwaka 1852. Rangi ya kupaka haitoi mwanga. Hula sehemu ya mwanga uiangukiao na kurudisha sehemu iliyobaki. Manjano hula mwanga wa buluu. Buluu hula mwanga mwekundu. Zikichanganywa, kila moja hula fungu lake, na kinachosalia zaidi kuturudia machoni ni kijani. Kwa hiyo kila rangi iongezwayo koponi ni mlaji mwingine aongezekaye mezani, na chakula hupungua. Newton hakukosea, wala mchoraji hakukosea. Mmoja alisema habari za mwanga, mwingine habari za rangi ya kopo.

Mfano wa tatu ni wa Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Ufaransa, aliyewekwa mwaka 1824 kuwa msimamizi wa idara ya kutia nyuzi rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins mjini Paris. Palikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za hapo hazikolei. Chevreul alizilinganisha na nyuzi za kwingineko, akakuta hazina kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa katika ujirani: nyeusi ile iliposukwa kando ya buluu au zambarau ilionekana imepauka. Kutokana na lalamiko hilo la wasusi alitoa, mwaka 1839, kitabu kikubwa juu ya kanuni ya rangi zikaapo pamoja, ambacho wachoraji wengi wa Ulaya walikisoma. Tujifunze hapa kwamba kitabu kilizaliwa na kazi. Kazi haikuzaliwa na kitabu.

Na katika karne ya 20, Josef Albers, mwalimu aliyehama Ujerumani baada ya shule ya Bauhaus kufungwa mwaka 1933, aliwafundisha wanafunzi wake wa Marekani kwa vipande vya karatasi za rangi. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 aliweka wazi kwamba mazoezi yatangulie na nadharia ifuate. Msusi wa mikeka wa Unguja asingeshangazwa na shauri hilo.

Kutoka Makerere hadi Morogoro Stores

Sasa turudi nyumbani. Mafunzo ya uchoraji ya kishule katika Afrika Mashariki yalipata makao katika Chuo cha Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha mwaka 1937. Miongoni mwa waliosoma pale alikuwamo Sam Joseph Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923. Ntiro alikwenda pia kusoma London katika shule ya Slade, akarudi kufundisha Makerere. Na baada ya uhuru aliiwakilisha Tanganyika nchini Uingereza, kisha akashika kazi ya utamaduni serikalini. Picha zake zaonyesha watu wa Kilimanjaro wakiwa kazini na katika sherehe zao. Mojawapo, ya mwaka 1956, yaonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, nayo imehifadhiwa katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Hiyo ndiyo njia ya shule, nayo ilizaa matunda.

Lakini iko njia ya pili. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kutafuta riziki. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za wasanii wa vyuoni. Alitwaa hadbodi za kutengenezea dari, akazikata mraba, akapaka rangi ya mafuta ing'aayo, ile wanayotumia watu kupakia baiskeli. Picha zake za wanyama na ndege ziliuzwa pale Morogoro Stores, Oysterbay. Vijana wakamjia, nao ni January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Casper Tedo, Simon Mpata na wengineo; wakajifunza kwa kukaa kando yake na kushika brashi.

Tingatinga aliuawa kwa risasi mwaka 1972. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Lau ujuzi wake ungalikuwa kipaji cha kuzaliwa, kama wasemavyo wengi, ungalizikwa pamoja naye. Haukuzikwa. Wanafunzi wake waliendelea, wakawafundisha wengine, hata wakaunda chama chao cha ushirika, na jina la mtu mmoja likawa jina la sanaa ijulikanayo duniani. Kitu kinachoweza kurithishwa kutoka mkono hadi mkono, kikabaki baada ya mwalimu kufa, hakiwezi kuitwa bahati. Hicho ni elimu.

Tena ni elimu yenye kanuni zake. Rangi ya baiskeli hung'aa na huchukua muda kukauka; ukiharakisha kupaka ya pili juu ya ya kwanza zitavurugika. Kwa hiyo fundi hupaka uwanja wa nyuma kwanza, akausubiri. Kisha humweka mnyama, akasubiri. Kisha huja na madoa na mistari. Makopo ni machache, kwa hiyo mengi hupatikana kwa kuchanganya kwenye kifuniko cha kopo. Kifuniko hicho ndicho kitabu chake cha rangi.

Mazoezi yenyewe na mafunzo yake

Ni vema sasa tuyaeleze mazoezi machache, ili mwalimu au kijana atakaye kujaribu aone kuwa hayahitaji mali nyingi. Makopo matano yanatosha, yaani nyekundu, manjano, buluu, nyeupe na nyeusi. Yakiwa ni ya rangi ya mafuta, kazi ifanyiwe nje penye upepo, kwa maana harufu yake si njema kifuani.

Zoezi la kwanza ni ngazi. Tia nyeupe kifunikoni, kisha ongeza nyeusi tone kwa tone, na kila mara upake alama ubaoni, hata ufike weusi mtupu. Mwanafunzi atagundua kwamba ni lazima nyeusi itiwe katika nyeupe, si nyeupe katika nyeusi. Akifanya kinyume atamaliza kopo zima la nyeupe asifike popote. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa tone moja lina nguvu kuliko kijiko.

Zoezi la pili ni kijani. Kila mtoto huambiwa kwamba manjano na buluu huzaa kijani. Achukue basi buluu mbili: moja ielekeayo kijani kama maji ya bahari kwenye mwamba, na nyingine ielekeayo zambarau. Ya kwanza, ikichanganywa na manjano ya limau, itampa kijani safi cha mchicha. Ya pili itampa kijani kilichochoka. Sababu ni kwamba ile buluu ya zambarau imebeba wekundu ndani yake, na nyekundu ni mpinzani wa kijani. Kanuni aliyoikariri si ya uongo, bali ni nusu ya habari. Nusu ya pili imo koponi.

Zoezi la tatu ni la kustaajabisha. Achanganye manjano na nyeusi tu. Atadhani atapata manjano chafu. Kumbe atapata kijani kizito, kama cha jani la mwembe lililokomaa. Mwalimu anaweza kulieleza jambo hilo mara kumi, lisiaminiwe. Mkono huliamini mara moja.

Zoezi la nne ni ujirani. Apake kijivu kile kile juu ya vipande viwili, kimoja cha manjano na kimoja cha buluu. Ataona kana kwamba ni vijivu viwili. Fundisho hili la Chevreul twalibeba katika bendera yetu tangu mwaka 1964. Utepe mweusi wa watu umepita kati ya kijani cha ardhi na buluu ya maji, na pande zake zote mbili umewekewa mstari wa manjano, rangi ya madini. Ondoa manjano hayo kwa fikra, uitazame bendera kwa mbali: nyeusi itazama ndani ya jirani zake. Kisutu, kanga ya harusi, nacho chafuata busara hiyo hiyo kwa kuitumia nyeupe kuzitenganisha nyekundu na nyeusi.

Zoezi la tano nimeliweka mwisho kwa makusudi, nalo ni kupata rangi ya ngozi. Lugha yatuita watu weusi, nasi twaitika bila haya. Lakini mwanafunzi akichukua kopo la nyeusi ampake jirani yake usoni mwa picha, atapata kivuli, hatapata mtu. Na aweke mkono wake juani, autazame. Atahitaji nyekundu, atahitaji manjano, atahitaji buluu kidogo ya kuzituliza, na nyeupe kwa pale mwanga unapogusa kifundo cha mkono. Akimtazama mwenzake wa dawati atalazimika kuanza upya, kwa kuwa mchanganyo ni mwingine. Katika darasa la watoto 40 mtapatikana michanganyo 40, na yote imetoka katika makopo yale yale. Sijui somo jingine la siasa au la dini linaloweza kumwonyesha mtoto kwa haraka zaidi kwamba hakuumbwa kwa rangi moja, na kwamba aliye mbali naye kwa sura ni jamaa yake koponi.

Wajibu wetu

Mwaka 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, iliundwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Hapana shaka nia ilikuwa kuyaokoa mambo yetu yasipotee. Lakini utamaduni hauokolewi kwa sifa na maonyesho peke yake. Ujuzi wa rangi uko wa namna mbili kuhusu kupotea: ule ulioandikwa hupotea vitabu vikiungua, ule wa mkononi hupotea fundi akifa bila mwanafunzi. Wa pili hupotea kimya kimya, wala hakuna atoaye tangazo.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. La kwanza, somo la rangi lisifundishwe kwa chaki peke yake. Mtoto anayeandika katika daftari "nyekundu na manjano ni rangi ya chungwa" kwa kalamu ya wino mweusi hajafundishwa rangi, amefundishwa imla. Shule isiyo na fedha za makopo inayo bizari, mkaa, chokaa, udongo mwekundu na mbegu za mzingefuri. Wazee wa Kondoa hawakuwa na zaidi ya hayo. La pili, mafundi waitwe madarasani wakiwa walimu, si wakiwa watu wa kutazamwa. Mama anayechemsha ukindu na kijana anayepaka hadbodi wana neno la kusema juu ya rangi ambalo mwenye cheti huenda hajalisikia.

Wahenga walinena: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nami, kwa desturi yetu washairi, nalifunga shauri langu kwa ubeti mmoja:

Kopo la rangi ni shule, mwanafunzi ni mkono,
Usikariri ya kale, pasi tendo na mfano,
Tia tone hili, lile, jicho lishike maono,
Buluu haiwi ile, ikiguswa na manjano.

Mwalimu akitaka kuanza, na aanze kesho kwa ile ngazi ya nyeupe na nyeusi. Ni zoezi la nusu saa, nalo latosha kumwonyesha ni wanafunzi gani wana subira ya tone moja moja.